Dola ya Sayyid Said na Rupia za Kariakoo

Mtu akiingia Kariakoo na rupia ya Mjerumani mfukoni, atatajiwa bei tatu kabla hajamaliza Mtaa wa Msimbazi. Sonara ataigonga juu ya kaunta asikilize mlio wake, ataitupia kwenye mizani, atasoma gramu kumi na moja na ushee, na bei atakayoitaja ni ya fedha ya kuyeyusha. Machinga aliyetandaza saa kuukuu na redio mbovu atataja bei ya ukumbusho, ile anayoitegea siku atakayopita mtalii. Dalali hataki hata kuishika mbele za watu. Atamvuta mwenye mali pembeni na kumnong'oneza kwamba mteja yupo, mzito, ila kwanza rupia ijaribiwe kama "ina nguvu", na majaribio hayo yana gharama kidogo ya kutanguliza.

Huyu wa tatu ni tapeli, na hadithi yake ya rupia zenye maajabu imewaliza wengi. Wawili wa mwanzo wanasema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake. Lakini iko bei ya nne, ambayo Kariakoo haijulikani sana, nayo ni bei ya mkusanyaji wa sarafu. Inavyopatikana inaonekana vizuri zaidi kwa kufuata sarafu moja tu: dola ya fedha ya Marekani aliyozawadiwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, baba yake Majid aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam. Mwaka 2021, miaka 186 baada ya zawadi hiyo kutolewa, dola inayoaminika kuwa ndiyo ile iliuzwa mnadani kwa dola milioni 7.68.

Mwezi Septemba 1835 manowari ya Marekani iitwayo Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Omani. Mabaharia wakaanza kutupa mizinga baharini ili chombo kiwe chepesi, huku majahazi ya watu wa pwani yakikizunguka kwa mbali na kusubiri kivunjike. Ndani yake alikuwemo Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliyekuwa mjumbe wa Rais Andrew Jackson. Roberts alishuka kwenye mashua ndogo na mabaharia wachache, wakaambaa na pwani hadi Maskati kuomba msaada. Sayyid Said hakusita. Akaamuru vyombo na watu waende, na Peacock, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kujinasua, ikaingia bandarini salama.

Wawili hao hawakuwa wageni kwa kila mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1820 Roberts alifika Unguja na shehena yake, akachoshwa na masharti ya biashara yaliyowekewa Wamarekani, akapeleka malalamiko kwa Sayyid mwenyewe. Kutokana na mazungumzo yao yakaja makubaliano yaliyotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833: Wamarekani wataruhusiwa kufanya biashara katika bandari zote za Sayyid, Unguja ikiwemo, na watatozwa ushuru wa asilimia tano ya kile wanachoshusha, basi. Safari hii ya 1835 Roberts alikuwa amerudi na nakala iliyoidhinishwa na serikali yake, pamoja na zawadi. Desturi za mashariki zilikwisha kumfunza kwamba mjumbe haendi mikono mitupu. Alikuwa na upanga wenye ala ya dhahabu, bunduki, taa za kioo, ramani ya nchi yake, na kikasha kidogo cha ngozi kilichojaa sarafu.

Kikasha hicho kiliwatia watu wa Philadelphia taabu kuliko zawadi nyingine zote. Novemba 1834 Waziri wa Mambo ya Nje, John Forsyth, alimwandikia mkuu wa kiwanda cha sarafu cha huko, Samuel Moore, aandae seti mbili, moja ya Sayyid Said na moja ya mfalme wa Siam, zenye sarafu ya kila aina iliyokuwa ikitumika nchini, ya dhahabu, ya fedha na ya shaba. Kisheria dola ya fedha ilikuwemo. Ila kiwanda hakikuwa kimechapa dola hata moja kwa miaka thelathini.

Sababu ya kusimama kwake mfanyabiashara yeyote wa pwani yetu angeielewa bila kufafanuliwa. Dola ya Marekani ilikuwa na fedha pungufu kidogo kuliko reale ya Kihispania, lakini katika visiwa vya Karibi watu walizibadilishana moja kwa moja. Wajanja wakawa wanapeleka dola mpya huko, wanarudi na reale nzito, wanazipeleka Philadelphia zichapwe upya bila malipo, kisha wanapakia tena. Kila mzunguko ulikuwa na faida yake. Kiwanda cha taifa kikajikuta kinafanya kazi ya bure ili dola zake zitoroke. Mwaka 1804 uchapaji ukakoma.

Ilipokuja amri ya Forsyth, maofisa wakafungua madaftari, wakakuta dola za mwisho kuandikwa ni 19,570, za mwaka 1804. Wakaona basi, tuchonge chapa yenye mwaka huo. Jambo ambalo daftari halikusema ni kwamba dola hizo 19,570 zilipigwa kwa chapa kuukuu, zenye mwaka 1803 na kurudi nyuma, kwa kuwa chuma kizuri cha kuchongea chapa hakikuwa kitu cha kutupwa kwa sababu tu mwaka umebadilika. Dola yenye 1804 usoni haikuwa imewahi kuwapo duniani. Ya kwanza ilizaliwa mwaka 1834, imeandikwa umri usio wake.

Ukiitazama kwa karibu inajisema yenyewe. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke anayewakilisha uhuru, nywele zimefungwa utepe, nyota kumi na tatu zimemzunguka. Upande wa pili kuna tai mwenye ngao kifuani, mishale na tawi la mzeituni makuchani. Sura hizo ni za dola za zamani kweli. Tazama ukingo sasa: umepambwa kwa vishanga vidogo vilivyojipanga sawasawa, mtindo uliokuja na mashine za miaka ya 1830. Tazama na ubavu wake. Maneno yaliyoandikwa pembeni, yanayosema kwamba sarafu hii ni senti mia, yamepondeka, kwa sababu dola za zamani zilipigwa bila kubanwa ilhali hii ilipigwa ndani ya pete ya chuma, nayo pete ikayasaga. Waliotengeneza hawakukusudia kumdanganya mtu. Walitaka kikasha kikamilike.

Tarehe 1 Oktoba 1835 zawadi zikakabidhiwa Maskati. Roberts akaendelea na safari hadi Bangkok, akampa mfalme wa Siam seti yake, na Juni 1836 akafariki Macau kwa maradhi aliyoyapata njiani. Sayyid Said, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kurudisha hisani. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana, ikiwa na Ahmad bin Naaman kama mjumbe wake, ilitia nanga New York na kuwashangaza watu wa mji huo. Ilibeba shehena ya kuuza, na zawadi kwa Rais zikiwemo farasi wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme, hivyo vitu vile vikachukuliwa na serikali na farasi wakauzwa. Dola ya Sayyid ilipata bahati nzuri kuliko farasi wake.

Sayyid Said aliionaje? Hakuna aliyeandika. Lakini tunajua alikotoka mtu huyu na biashara aliyokuwa nayo, na kwa kipimo cha Unguja ya wakati ule kile kikasha kilikuwa na pesa kidogo mno. Masoko ya Unguja yalijaa fedha ya kila taifa. Kulikuwa na reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Kulikuwa na reale ya mzinga ya Kihispania, iliyopata jina kutokana na nguzo mbili kama mizinga zilizochorwa juu yake, na kulikuwa na reale za Kifaransa za faranga tano. Mwenye duka hakusoma maandishi. Alisikiliza mlio, akapima, akahesabu.

Reale ya Sham ndiyo iliyotawala. Maria Theresa alikufa mwaka 1780, na wateja wa Arabuni na Bahari ya Shamu wakakataa sarafu yoyote isiyokuwa na sura ile ile na mwaka ule ule, basi wachapaji wakaendelea kuandika 1780 mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu elfu za uzito huo, 833 ni fedha safi. Ukipiga hesabu utapata gramu 23.4 za fedha. Rupia ya Kihindi ilikuwa na gramu 10.7. Gawanya, na utakuta reale moja ni sawa na rupia mbili na sehemu kama ya tano hivi. Bei iliyozoeleka Unguja ilikuwa reale 47 kwa rupia 100, yaani rupia mbili na ana mbili kwa reale, karibu kabisa na hesabu ya mizani. Soko lilijua kazi yake.

Wamarekani walilijua soko hilo vizuri. Meli zao nyingi zilitoka Salem, mji mdogo wa Massachusetts, ambako hata Richard Waters, balozi wao wa kwanza Unguja aliyefika 1837, alizaliwa. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho bara nzima ilikiita merikani, bunduki, na fedha taslimu. Zilirudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi nyingi ilichimbwa Mrima na Wazaramo, katika mashamba na mapori ya nyuma ya pwani ambayo leo ni viunga vya Dar es Salaam, ikapelekwa Salem kusafishwa na kutengenezwa vanishi ya samani. Mzaramo aliyepata reale yake hakuiweka kabatini kuitazama. Ilikwenda kwa mfua fedha ikawa kikuku au furungu la mke, na siku ya shida kikuku kikarudi kwenye mizani. Ndivyo sarafu za kale zilivyopungua pwani: hazikupotea, ziliyeyushwa zikabadilishwa umbo, na nyingi ya fedha hiyo bado iko mikononi mwa akina bibi.

Salem hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa mtu wa kwanza kuitamani dola ya 1804 kama kitu cha kukusanya. Mwaka 1842 kilichapishwa kitabu kuhusu sarafu za dunia, kilichoandikwa na wataalamu wa kiwanda cha Philadelphia, na ndani yake mlikuwa na picha ya dola hiyo. Kwa wakusanyaji lilikuwa jambo jipya. Matthew Stickney, mkazi wa Salem, alisafiri hadi Philadelphia Mei 1843 akiwa na sarafu adimu ya dhahabu, akabadilishana na kiwanda, akarudi na moja ya dola zilizobaki akibani. Kwa miaka mingi baadaye watu waliamini kwamba dola ya 1804 ni kipande cha mwaka 1804 kilichosalimika.

Sifa ikavuta tamaa. Karibu na mwaka 1858, wafanyakazi wa kiwanda wakatengeneza kisirisiri nyingine chache na kuziuza kwa watu waliokuwa tayari kulipa. Fedheha ilipojulikana, kadhaa zilifuatiliwa zikarudishwa, lakini nyingine zilipenya. Moja ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, na mabaki ya sura ya Kiswisi bado yanaonekana chini ya tai. Hiyo iko Washington, katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Cha ajabu ni kwamba hata hizi za wizi leo zinauzwa kwa mamilioni. Mkusanyaji hanunui uaminifu wa mchapaji. Ananunua uchache na kisa chake. Zile za asili, za wakati wa safari ya Roberts, zinajulikana nane tu.

Ukweli wa mwaka 1834 ulithibitishwa polepole, kwa barua zilizofukuliwa na kwa vile vishanga vya ukingoni. Mwaka 1962 Eric Newman na Kenneth Bressett walikuwa na kitabu chao kuhusu dola hii mbioni kuchapishwa, wakihoji kwamba asili yake ni zawadi za kidiplomasia, ndipo London likajitokeza kasha la ngozi ya njano lenye seti ya mfalme wa Siam, dola ya 1804 ikiwa mahali pake. Ubishi ukaisha.

Ya Sayyid Said haikujitokeza na kasha. Kufikia miaka ya 1860 kulikuwa na dola ya 1804 Liverpool, katika mkusanyiko wa Charles Watters, na kwa kuwa nyingine zote zinazojulikana zina historia zao Marekani au Siam, wataalamu wanakubaliana kwamba hii ndiyo iliyofika Maskati. Iliuzwa London mwaka 1917, ikavuka bahari, ikapita kwa Virgil Brand wa Chicago, tajiri wa bia aliyekusanya sarafu kwa maelfu, kisha mwaka 1945 ikanunuliwa na familia ya Childs wa Vermont. Waliikalia kwa zaidi ya miaka hamsini. Agosti 1999 iliponadiwa ilifika dola milioni 4.14, bei ambayo hakuna sarafu iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani.

Fedha iliyomo ndani yake ni gramu 24. Ni sawa na rupia mbili na robo za Mjerumani, na sonara wa Kariakoo akipewa bila maelezo angeilipia hivyo hivyo bila kumdhulumu mtu. Kilichobaki chote katika ile bei ni vitu ambavyo mizani haivisomi. Ni chache. Ina njia inayoweza kufuatwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Na ndiyo safi kuliko zote nane: uso wake unang'aa kama kioo, kwa sababu haikuwahi kuingia sokoni, haikugongwa kaunta, haikusuguliwa na mtu.

Hilo la mwisho ndilo linalowapata wenye rupia zao hapa. Mtu akifukua sarafu shambani, jambo la kwanza ni kuitafutia limau na majivu aing'arishe. Inang'aa kweli, na thamani yake kwa mkusanyaji inashuka pale pale, maana anachokitafuta ni ule weusi wa miaka na mistari midogo ya chapa ambayo haijafutika. Nyingine zina tundu, kumbukumbu ya mkufu wa bibi. Kwa mwanahistoria tundu hilo lina habari nzuri. Mnunuzi hulihesabu kama dosari.

Rupia zenyewe zilianza mwaka 1890, zikachapwa Ujerumani kwa niaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja Kaiser Wilhelm II amevaa kofia yenye tai, upande mwingine simba amesimama chini ya mnazi. Uzito na fedha vililinganishwa kwa makusudi na rupia ya Kihindi, la sivyo duka lisingeipokea. Kodi ya kibanda iliyoanza 1898 ikawalazimu watu wa bara kuitafuta kwa jasho. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua uchapaji kutoka kwa kampuni, rupia moja ikawa hela 100 badala ya pesa 64, na simba akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na taji la majani.

Vita vilipoanza 1914 meli za Kijerumani hazikuweza tena kuleta fedha, na ile iliyokuwepo ikazama majumbani. Watu waliopewa noti za karatasi walizitazama kwa mashaka, rupia walizifukia. Mwaka 1916, Tabora, katika karakana ya reli, Wajerumani walipiga hela za shaba nyeupe kwa maganda ya risasi, na kwa dhahabu ya Sekenke wakapiga rupia 15 zenye tembo akiwa ameinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka takriban 16,000. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaiteka Tabora, na kazi ikaishia hapo. Mnada wowote wa sarafu za Afrika Ulaya ukiwa na tembo wa Tabora, ndiye anayewekwa kwenye jalada la katalogi.

Dar es Salaam nayo ilisalimu amri Septemba hiyo hiyo. Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao kwenye uwanda uliokuwa nyuma ya mji, mahali ambapo leo ni Kariakoo. Wapagazi walilipwa rupia za Kihindi, rupia za Kijerumani zikiwa bado mitaani, na reale kuukuu ikionekana hapa na pale. Bei ya fedha duniani ikapanda ghafla baada ya vita, rupia ikapanda nayo, na wakoloni wakaingia kiwewe. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikajaribu florini mwaka 1920, ikaiacha, ikaja na shilingi mwaka 1921. Simba alirudi kwenye sarafu, ila robo tu yake ilikuwa fedha. Masonara waligundua mapema. Shilingi ya simba haikuwahi kupendwa na tanuri kama rupia.

Kwa hiyo mtu mwenye rupia moja ya kawaida, ya mwaka uliochapwa kwa wingi na iliyochakaa mikononi, bei ya sonara na bei ya mkusanyaji hazitapishana sana, na hakuna mteja mzito anayemsubiri popote. Akiwa na ya rupia mbili, ya 1893 au 1894, asikubali iwekwe kwenye mizani kabla hajauliza kwingine, maana hizo zilichapwa chache. Na kabla ya kuuza chochote cha kale kweli, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Rupia zote za Mjerumani ziko nje ya mpaka huo. Reale ya Sham ndiyo yenye utata: mwaka ulioandikwa ni 1780, lakini kipande kile kinaweza kuwa kilipigwa Bombay mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kujua ni kipi kunahitaji kioo cha kukuzia, kwa sababu kila kiwanda kiliacha tofauti zake ndogo kwenye lulu za kishikizo begani mwa malkia na kwenye manyoya ya mkia wa tai.